Wimbo Una Wazazi

Msomaji, kila kizazi hupenda nyimbo za ujana wake, na kwa kuzipenda huziba masikio kwa nyingine. Huenda mzazi wako hukuambia kuwa muziki ulikwisha pamoja na zilizopendwa za miaka ya 1960 na 1970. Nawe labda waona kuwa ulianza siku uliyozaliwa. Wote wawili mmepunjika, kwani hakuna wimbo uliozuka kama uyoga baada ya mvua. Kila wimbo una wazazi.

Tutazame mfano wa Mombasa. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoundwa pwani ya Kenya mwaka 1972, ilitoa wimbo wa “Jambo Bwana” mwaka 1982. Mtunzi wake alikuwa Teddy Kalanda Harrison. Wimbo huo ulivuma katika hoteli za watalii, ukavuka bahari, na mwaka 1983 kundi la Boney M. likauimba Ulaya. Tangu hapo wageni wengi hudhani kuwa huo ndio muziki wetu wote.

Lakini vuka daraja la Nyali uingie Kisauni, ufike Kengeleni. Hapo ndipo ilipo kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu walioopolewa utumwani. Freretown hiyo ndiyo ya Joseph Ngala, mpiga saksafoni aliyeongoza Bango Sounds. Muziki wake, bango, ulichanganya jazi, taarabu, mahadhi ya Marekani ya Kusini na nyimbo za Wamijikenda. Haukuenea dunia nzima kama “Jambo Bwana”, lakini harusini pwani uliwatoa vitini wazee na vijana.

Rudi nyuma tena, utamkuta Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Katika Vita Kuu ya Pili aliwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki kwa gita, na baada ya vita sauti yake ikanaswa katika santuri.

Kabla ya gita kulikuwako beni. Katika miaka ya 1890 vijana wa pwani walitazama bendi za kijeshi za wageni, wakachukua gwaride na mavazi yao, wakayageuza kuwa ngoma. Mombasa ikagawanyika kwa mashindano ya vyama kama Kingi na Scotchi. Walioitwa waigaji walikuwa kwa kweli wabunifu: walichukua cha wageni wakakifanya chao, kama Ngala alivyofanya baadaye.

Je, yakufaa nini kujua haya? Historia ya watu wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe haikuandikwa vitabuni, iliimbwa. Santuri za zamani zilivunjika kama vigae, na mzee anapofariki huondoka na nyimbo ambazo hazikunaswa popote. Wahenga walisema, “Ngoma ivumayo haidumu.”

Basi usiuache wimbo uupendao, bali uufuate nyuma. Muulize bibi yako aliimba nini harusini, nani aliipiga ngoma, nao waliipata wapi. Kisha andika jina, mahali na mwaka. Kazi hiyo haingoji mtaalamu. Yangoja mtu mwenye kalamu na masikio, wakati mwenye kujibu angali hai.