Msonge mchana, msonge usiku

Wiki hii kampasi imetulia kidogo, tesiti zimeisha, basi nimepata nafasi ya kuandika jambo linalonisumbua tangu nirudi kutoka nyumbani Igurwa. Hivi kwa nini picha za zamani za nyumba zetu za msonge, karibu zote nilizowahi kuziona, zimepigwa mchana, tena kwa nje?

Tuanze na Omukama Rumanika wa Karagwe. Wazungu wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwake Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant mguu ulikuwa mbovu, kutembea hawezi, akabaki Karagwe mpaka Aprili. Sasa sikilizeni: huyu Grant mwaka 1860 alikuwa amepiga picha Zanzibar, kati ya picha za mwanzo kabisa za mji ule. Lakini zile kamera zilitumia kioo kilichopakwa dawa. Kioo kinaingia kwenye kamera kikiwa bado kibichi, halafu unakisafisha papo hapo ndani ya hema la giza. Joto la humo likamshinda, wakaacha, Grant akashika rangi na karatasi. Kwa hiyo mtu aliyejua kupiga picha alikaa kwetu miezi kama mitano, na tulichonacho ni michoro! Hata angeendelea, usiku asingepata kitu. Dawa ile ilitaka jua.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu unaolipuka na kutoa mwanga mkali. Hapo usiku ukafunguka. Na huku kwetu, enzi za Mjerumani, nani alipigwa kwa mwanga ule? Simba na punda milia! Carl Georg Schillings alizunguka nao porini, kitabu chake kikatoka 1905 na kikavuma sana Ulaya. Mi sina ugomvi na simba, ila nyumba iliyojaa watu jioni nayo ilikuwa na cha kuonyesha.

Maana msonge mchana inaonekana kama lundo la nyasi. Nilijaribu kwa simu yangu, nyumba ya mzee jirani ambayo sasa ni jiko tu. Saa saba mchana jua liko utosini, bati la nyumba mpya pembeni linameta mpaka linaharibu picha, na mlango wa msonge umekuwa shimo jeusi. Saa moja asubuhi ni afadhali: jua la pembeni linaonyesha namna nyasi zilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Ndani bado giza.

Usiku mambo yaligeuka. Niliegemeza simu kwenye ndoo, nikaacha kamera wazi sekunde kadhaa, moto wa mafiga ukiwaka. Paa likapotea kabisa. Yakatokea yale yasiyoonekana mchana: nguzo zilizobeba nyumba, fito zinazozunguka juu, moshi uliopaka kila kitu rangi nyeusi. Wajukuu wa mzee, kwa kuwa hawatulii, wamekuwa ukungu. Mzee katulia, kaonekana.

Kwa maoni yangu wanahistoria wetu wameandika sana kuhusu mapaa kwa sababu picha ziliwapa mapaa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883 na Sultani Barghash, ilipata taa za umeme mapema kuliko majengo mengine ya kisiwani, kwa hiyo hata usiku ilionekana. Sehemu yake ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, picha zake zilikuwa tele. Msonge ikianguka pale Igurwa nani ana picha ya ndani?

Mzee anasema mwakani anaibomoa, nyasi za kuezekea hazipatikani tena. Likizo ijayo nakwenda na stendi ya kamera ya kuazima, na safari hii naanza usiku.