Maulamaa, Aibu na Safari: Kuitazama Upya Albamu ya Maryam Mursal kutoka Isiolo

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wameshughulikia kwa bidii nyimbo za pwani na za nyanda za juu, lakini mara nyingi kalamu zao huishia Isiolo, mahali ambapo kwa miaka mingi lami nayo iliishia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji huo ulikuwa makao ya Wasomali waliowahi kuwa askari wa Mwingereza, wakawa majirani wa Waborana, Wameru, Waturukana na Wasamburu. Lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili. Nyumbani kila jamii ina lugha yake na nyimbo zake. Ni kutoka hapo ndipo inapofaa kuitazama upya albamu ya Maryam Mursal iitwayo The Journey, iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Matini yake ni ya Kisomali, lakini mambo yanayosimuliwa hayakukoma kwenye mpaka wa Somalia.

Maryam Mursal alizaliwa mwaka 1950, akaanza kuimba hadharani mjini Mogadishu angali kijana. Kwa muda mrefu alikuwa katika kundi la Waaberi, ambalo chini ya utawala wa Siad Barre, ulioanza Oktoba 1969, lilikuwa kundi la dola. Msanii wa namna hiyo alilishwa na serikali, na serikali ilitarajia sifa. Mwaka 1986 Maryam aliimba "Ulimada", wimbo uliobeba lawama kwa watawala chini ya pazia. Alipigwa marufuku kuimba kwa miaka miwili, akaendesha teksi ili kuwalisha watoto wake.

Jina la wimbo huo halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa "ulamaa", likavikwa kiambishi cha Kisomali. Uzito wake ni kwamba mwanamke anawaelekea wenye elimu, yaani wale ambao jamii imezoea kuwasikiliza, na kuwauliza habari. Hapa hapana budi kumkumbuka Siti binti Saad wa Unguja, aliyeimba katika santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, na ambaye nyimbo zake nyingine zilishutumu dhuluma dhidi ya wanyonge na upotovu wa mahakama. Waimbaji hawa wawili hawakurithiana, wala si lazima kutafuta kamba ya kuwafunga pamoja. Lakini wote wawili walilitegemea fumbo, na fumbo halifanyi kazi mpaka wasikilizaji wawe wanajua tayari kinachofichwa. Pengine ndiyo sababu adhabu ya mwimbaji huwa kali kuliko maneno yenyewe: mtawala huadhibu kule kuelewa kwa wasikilizaji.

Utawala wa Siad Barre ulianguka Januari 1991. Katika vita vilivyofuata Maryam alitoka Mogadishu na watoto watano, wakasafiri kwa muda wa miezi saba hivi, mara kwa miguu, mara kwa malori, wakipita Kenya na Ethiopia mpaka Djibouti, na hatimaye wakapata hifadhi Denmark. Mwaka 1997 alisikika pamoja na Waaberi katika albamu New Dawn, ambamo udi na sauti vimeachwa karibu vitupu. The Journey ni tofauti: magitaa ya umeme, ngoma za mashine, na mapigo yaliyokusudiwa kumbi za Ulaya. Mtafiti wa matini atapendelea ile ya kwanza, na ana haki. Kisomali hakijengi shairi kwa vina vya mwisho kama Kiswahili. Hujenga kwa kurudia sauti ya mwanzo wa maneno, na sauti hiyo hupotea kwa urahisi ngoma zinapozidi. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, albamu ya pili ina kitu ambacho ya kwanza haina. Majina ya nyimbo zake yenyewe ni orodha ya maafa: "Hamar", jina la wenyeji la Mogadishu, "Somali Udiida Ceb", wito kwa Wasomali waikatae aibu (na "ceeb" hiyo ni ndugu wa aibu yetu kwa baba mmoja Mwarabu), halafu "Qax".

Neno hili la mwisho ndilo linalorudisha hoja Isiolo. "Qax" ni kutoka kwa watu wanaoyaacha makao yao kwa hofu, na humo ndimo limetoka "qaxooti", mkimbizi. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwa Kenya kwa sababu ya vita vya shifta, na sheria zake ziliihusu Isiolo pia. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ikapotea. Waborana wa Waso hukiita kipindi hicho Gaafa Daaba, wakati wa kuzuiwa. Msiba wao ulikuwa kinyume cha "qax": walikatazwa kuondoka. Sheria hizo za hatari zilifutwa mwaka 1991, mwaka ule ule ambao wakimbizi wa Somalia walikuwa wakimiminika Kenya.

Mfasiri wa Kiswahili atalipata wapi neno la kutosha? "Kukimbia" ni pia kazi ya mwanariadha. "Kuhama" kuna utulivu mno, na "kuhajiri" kumekwisha kufungamana na historia ya dini. Kiborana kina "baqa", nalo linakaribia zaidi, lakini kamusi za Kiswahili hazijawahi kubisha hodi Isiolo kuliomba. Kwa sasa "ukimbizi" ndilo litumikalo, nalo linamtaja mtu baada ya kufika kambini. Mwendo wenyewe wa miezi saba, pamoja na watoto watano, linauacha nje.