Mti Uliohamishwa Familia: Karomia gigas na Uainishaji wa Mimea ya Misitu ya Kilwa

Katika Likawage na vijiji vingine vya bara ya Kilwa, miti hugawanywa kwa kazi yake: ipo ya mbao, ya kuni na ya dawa. Kwa mgawo huo mpingo, mninga na mkongo hukaa pamoja. Flora of Tropical East Africa, iliyotolewa kwa sehemu tangu 1952 hadi 2012 ikieleza aina zaidi ya 12,000, nayo imeiweka miti hiyo pamoja, ila kwa hoja nyingine: yote huzaa maganda, yaani ni ya jamii ya kunde. Kupatana huko ni kwa bahati tu. (Kuvumwani na uyoga havikuingizwa kabisa katika kazi hiyo.)

Karomia gigas unadhihirisha kwamba familia ya kibotania nayo ina historia. Sampuli yake ya kwanza ilichukuliwa Kenya mwaka 1977. Mwaka 1992 Flora ilitoa sehemu ya Verbenaceae, na jenasi ya Karomia ikawemo. Mwaka huohuo Cantino na wenzake waliihamishia jenasi hiyo Lamiaceae, familia ya rehani, pamoja na mtiki unaopandwa Rondo. Wataalamu wa zamani walikuwa wakitazama kijiti cha sehemu ya kike ya ua: je, kimechomoza juu ya ovari, au chini, kati ya vipande vyake? Cantino alishikilia zaidi jinsi maua yanavyopangika katika shada. Hoja yake ndiyo yenye nguvu, na ndiyo iliyokubaliwa.

Kwa Kilwa jambo hili lina uzito. Mti huo ulikutwa huko 1993, kisha haukuonekana tena hadi 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata. Anayeutafuta katika orodha za misitu chini ya familia moja tu aweza kuamini haukuwahi kuandikwa, na mti wenye mashina machache hivyo hauvumilii kosa la namna hiyo.

Tena, ulihamishwa kwa kufuata ndugu zake wa jenasi, kwani wanasayansi hawakuwa wameyaona maua yake. Waliyaona baadaye, mbali na Kilwa, kwenye miche iliyooteshwa Missouri Botanical Garden, Marekani, kwa mbegu zilizotoka Tanzania.