Kilio Huanza Mfiwa

Wahenga wetu walinena: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini je, aliyetoka upande wa adui naye aweza kuingia kilioni, na wafiwa wakampokea?

Mji wa Sarajevo, nchini Bosnia, ulizingirwa na majeshi ya Waserbia tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Mnamo Oktoba 1995, mkataba wa amani ukiwa bado haujatiwa saini, wenyeji walianzisha tamasha la filamu. Zilioneshwa filamu 37 kutoka nchi 15, na watu wapatao 15,000 wakahudhuria. Katika nchi ambayo jina la mtu lilitosha kufichua dini na kabila lake, giza la ukumbi liliwakalisha watu pamoja bila ya kuulizana majina.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2006. Jasmila Žbanić, binti wa Sarajevo, alitoa filamu aliyoiita Grbavica, jina la mtaa ulioshikwa na majeshi yale wakati wa vita. Ndani yake, msichana Sara anaambiwa kuwa mtoto wa shahidi hupata nafuu ya malipo ya safari ya shule. Alete cheti tu. Neno lenyewe ni letu na lao: Wabosnia husema *šehid*, kwani sote tulilichota katika Kiarabu. Mama yake, Esma, cheti hicho hana. Mimba ya Sara aliipata kwa kubakwa kambini.

Aliyemwigiza Esma ni Mirjana Karanović, Mserbia wa Belgrade. Mwanamke wa upande wa pili alimwazima uso, sauti na machozi.

Filamu hiyo ilitwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin. Mwaka huohuo, sheria ya Shirikisho la Bosnia na Herzegovina iliwatambua wanawake waliobakwa kuwa wahanga wa vita. Hata hivyo tusijidanganye: katika Republika Srpska, eneo la Bosnia lenye serikali ya Waserbia, majumba ya sinema hayakuionesha. Mpaka uliochorwa kwa risasi haufutwi kwa filamu moja.

Kwa Kiswahili, shahidi ni aliyekufa katika njia ya haki. Shahidi pia ni aliyeona akasema. Esma hakuwa na shahidi wa kwanza. Wa pili alitoka Belgrade.