Kijiko na Mshumaa

Somo letu la leo lahusu figo.

Zamani mtu akivimba uso na miguu, madaktari wa Ulaya hawakujua kwa hakika asili ya ugonjwa huo. Katika Hospitali ya Guy's, mjini London, Daktari Richard Bright alitia mkojo wa wagonjwa wa namna hiyo katika kijiko, akaupasha moto kwa mshumaa. Mkojo ukaganda kama ute wa yai. Hiyo ni protini, ambayo yapasa kubaki katika damu. Wagonjwa walipokufa, alizitazama figo zao, akaziona zimeharibika. Mwaka 1827 alitoa kitabu.

Mwenzake, John Bostock, aliipima damu yao. Aliona protini imepungua, tena zimo dalili za yurea, yaani taka inayotakiwa kutoka kwa mkojo. Basi figo ni kama chujio. Likiharibika, kizuri hutoka na kibaya hubaki.

Bright hakuwa na dawa ya kuwaponya. Lakini ugonjwa usiojulikana hautibiki. Siku hizi vyombo ni vingine, lakini damu na mkojo bado huulizwa maswali yale yale. Kwa hiyo, ukiambiwa hospitalini ulete mkojo, usione haya.

Swali la darasa: kwa nini mkojo uliganda?