Land Rover fupi, tairi kubwa na tope la Basotu

Wadau, kazi ya gazeti ilinipeleka Hanang. Kutoka Katesh kwenda Haydom kupitia Basotu nikapata lifti kwenye Land Rover fupi ya mzee mmoja, gari kuukuu kuliko mimi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njiani tukaikuta pikapu mpya iliyonyanyuliwa kwa springi ndefu, inang'aa kama bibi harusi, imekalia difu kwenye tope. Sisi tukapita. Nikamuuliza mzee siri yake. Akacheka: "Mwanangu, tazama tairi."

Haya, turudi nyuma kidogo. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na tairi za 6.00-16, kimo chake kama inchi 28. Lilipokuja lile refu la 109, ambalo wengi wetu tunalikumbuka kama gari la serikali na misheni, likavaa 7.50-16, zenye kimo cha karibu inchi 32. Bodi za mbele za ndugu hawa wawili zilifanana sana, na nafasi ya tairi ilikuwepo. Mafundi wakamvisha mdogo viatu vya kaka yake, springi zikabaki vilevile.

Kwa nini wasinyanyue gari? Kwa sababu ukiongeza springi unapandisha bodi tu. Difu imefungwa kwenye ekseli, nayo inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi peke yake: kimo kikiongezeka inchi 4, difu inapanda inchi 2, kama sentimita 5. Kwenye udongo mweusi wa mbuga hizo sentimita 5 ni nyingi.

Sentimita hizo zina maana kubwa huku. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway. Barabara ya Babati hadi Singida inayopita Katesh sasa ina lami, lakini ukiiacha, masika yanakungoja. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kusubiri tope likauke.

Ila magurudumu makubwa Hanang yana historia nyingine chungu. Kuanzia mwaka 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano chini ya NAFCO, ambayo yalifika ekari zipatazo 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Matrekta yaliingia kila mahali, hata penye makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kikafungua kesi, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Kibarabaig kwamba tairi kubwa ni maendeleo, usishangae akikutazama bila kujibu.

Tairi zenyewe nazo zinadai malipo. Ukikata kona kali zinasugua springi, hivyo fundi hurekebisha bolti za kuzuia usukani, na gari linahitaji uwanja mpana kugeuka. Gia zinakuwa nzito mlimani. Spidomita inadanganya: ikisoma 70, unakwenda karibu 80. Baya zaidi, breki zinafanya kazi ngumu kuliko zilivyoundwa. Anayeteremka Magara kutoka Mbulu ajue hilo kabla hajafika kona ya kwanza.

Mzee wangu analijua. Kwenye mteremko aliweka gia ndogo, akanyamaza, hakugusa stori mpaka tulipofika chini. Nilipomshukuru Haydom akaniambia, "Tairi inakuvusha tope. Mlima unavushwa na akili."

Wadau wa mjini mnaotaka kunyanyua magari ili yapendeze Jumamosi, mnasemaje?