Hadithi Tamu na Zamu ya Maji

Ndugu msikilizaji, wiki hii naanzia kijijini Idodi, mkoani Iringa, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, alipangiwa zamu ya maji saa saba usiku. Wanaolima mpunga wa umwagiliaji wanajua maana ya zamu. Maji ya mfereji hayamngoji mtu. Ukichelewa, mwenzako wa chini anafungua, nawe unasubiri mzunguko mwingine huku majaruba yako yakipasuka nyufa.

Kijana huyo hakulala. Alikuwa macho, ameketi na simu yake katika kibanda cha shambani. Alikuwa ndani ya mchezo wa mtandaoni, mmojawapo wa ile inayofuata hadithi ndefu, yenye wahusika waliochorwa kama katuni za Kijapani, macho makubwa na nywele za kila rangi. Zamu ilianza, ikaisha, wala hakusikia maji yakipita hatua chache tu kutoka alipoketi. Kulipokucha, kaka yangu aliitaka ile simu aipasue kwa jembe. Mama yetu akasema mjukuu wake amerogwa. Nami, niliyekuwa nimefika kwa likizo, nikaombwa nitoe hukumu, kwa kuwa eti mtu wa redio anajua mambo.

Hukumu ilinishinda, na sababu ni hii. Mwaka 1992, katika bonde lilo hilo, mimi nilipewa kazi ya kuwinga ndege. Kwelea kwelea walikuwa wengi na mpunga ulikuwa unakaribia kukomaa. Lakini nilikuwa nimeazima kitabu kisicho na jalada, riwaya ya Elvis Musiba kuhusu yule mpelelezi wake maarufu, Willy Gamba. Nilipoinua kichwa, Willy Gamba alikuwa salama, ila mpunga haukuwa salama.

Viboko nilivipata, na kitabu kikachukuliwa. Siku ya tatu, baada ya chakula cha jioni, Baba akaniita pembeni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi yule bwana alitokaje mle ndani?" Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, nami sikujua. Basi tukakaa, baba na mtoto, tukabuni mwisho wetu wenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo atamhukumuje kijana wa leo?

Ndugu msikilizaji, kuzama katika hadithi ni jambo la kale. Wengi wenu mnaikumbuka Alfu Lela Ulela, ambayo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa nayo tangu miaka ya 1920. Mfalme huoa mke jioni na kumwua asubuhi. Shahrazad anamsimulia hadithi, na kunapopambazuka anaikata pale palipo patamu. Mfalme, kwa kutaka kujua yatakayofuata, anamwacha hai siku moja zaidi. Kwa hiyo ujanja wa kuikata hadithi haukuzaliwa pamoja na simu. Na Shahrazad alikuwa na sababu nzuri kuliko zote, maana alikuwa akiokoa roho.

Waliofuata walikuwa na sababu nyingine. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, wasomaji wa Kiswahili walionja utamu wa riwaya ya upelelezi, na baada yake wakaja akina Musiba, Eddie Ganzel na Ben Mtobwa. Magazeti nayo yakajaza kurasa kwa hadithi za mfululizo zilizoishia kwa neno moja ambalo kila mnunuzi wa gazeti analijua: Itaendelea. Neno hilo halikuokoa roho ya mtu. Liliuza gazeti la wiki ijayo.

Kisha ikaja zamu ya redio. Sisi watoto wa Idodi tulikuwa tukianika betri juani ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha Mama na Mwana. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mke nyumbani na wanawake kila kituo, ambaye mwishowe aliugua UKIMWI. Sisi tuliokulia mkoa unaopitiwa na barabara kuu iendayo Zambia tulimwona Mkwaju kama mtu tunayemfahamu kwa sura.

Mchezo ule ulipimwa kisayansi. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti walinganishe. Wakakuta kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika kuliko kule usikosikika. Kwa hiyo anayesema kuwa kuzama katika hadithi ni kupoteza wakati, na amkumbuke Mkwaju. Watu walizama, wakaibuka wakiwa na jambo mkononi.

Mwaka 1994 televisheni ya ITV ilianza Tanzania Bara. Kwenye vibanda vya video filamu za ng'ambo zilipata sauti ya Kiswahili kupitia wasimulizi kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyefasiri, akaongeza chumvi, na watu wakacheka mahali ambapo mwenye filamu hakukusudia kichekesho. Wazee waliviita vibanda hivyo mashimo ya kupotezea watoto. Huenda mzee mmoja aliyesema hivyo alikuwa Baba yangu, yule yule wa kurasa zilizochanika.

Na huu mchezo wa simu ulitoka wapi? Mwaka 1974 huko Marekani ulitolewa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Haukuwa na mashine. Watu waliizunguka meza, mmoja akawa msimulizi, na kila mwingine akavaa uhusika, huyu askari, yule mchawi, na hadithi ikaenda kwa kufuata maamuzi yao. Kwa hakika ulikuwa jamaa wa karibu wa hadithi zetu za kando ya moto. Watu wa kompyuta wakauchukua mtindo huo, na mwaka 1986 Japani ikatoa Dragon Quest, uliowafungulia wengine njia. Michoro yake ilikuwa ya mtindo wa katuni za kwao, zile ziitwazo anime. Baadaye michezo ikaingia mtandaoni, ikawa dunia ambayo maelfu ya watu huishi kwa wakati mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguka zaidi Julai 2009, mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Miaka iliyofuata simu janja zikashuka bei. Kisha, tarehe 28 Septemba 2020, kampuni ya miHoYo ya Shanghai, nchini China, ikatoa mchezo wa Genshin Impact, ambao umekuwa mfano mashuhuri wa aina hii. Ndugu wawili mapacha, wasafiri wa dunia nyingi, wanatenganishwa na mungu wasiyemjua. Mchezaji anachagua mmoja wao na kuzunguka nchi saba akimtafuta mwenzake. Kuingia ni bure. Ni hadithi nzuri, msidanganywe na rangi za nywele. Kila aliyepotezana na ndugu yake ataielewa.

Lakini tazama jinsi inavyofanya kazi. Kila baada ya wiki sita huongezwa sura mpya na wahusika wapya. Kila siku kuna kazi ndogo ndogo zinazokungoja, na usipokuja, zawadi ya siku hiyo imekupita. Wahusika unaowataka hupatikana kwa bahati nasibu, na nafasi ya kumpata wa daraja la juu kwa jaribio moja ni 6 katika kila 1,000, ingawa ukijaribu mara 90 unahakikishiwa mmoja, na si lazima awe yule uliyemtaka. Majaribio unaweza kuyakusanya kwa kucheza siku nyingi, au kuyanunua kwa fedha.

Serikali kubwa zimeliona jambo hili. China yenyewe, mwezi Agosti 2021, iliamuru wenye umri chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa michezo hii, pale mtu anaposhindwa kujizuia na maisha yake yakaharibika kwa muda mrefu. Nchini Marekani, Januari 2025, tume inayolinda walaji ilitangaza kuwa wasambazaji wa Genshin Impact huko wamekubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia bahati nasibu hiyo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Bibi aliyetusimulia kando ya moto alitujua kwa majina. Akiona mtoto anasinzia, aliikata hadithi na kutupeleka kulala. Riwaya ina ukurasa wa mwisho, hata kama umechanika. Twende na Wakati ulikwisha kwa nusu saa, ukakurudisha kwa mkeo na watoto wako. Hadithi hii mpya haina wa kukuambia kalale, kwa maana msimulizi wake anaishi kwa kukuona ungali macho.

Nilimwita kijana tukaenda kukaa juu ya tuta la mfereji. Nikamwuliza kulikoni. Alikaa kimya kwanza, kisha akasema, "Baba mdogo, mle ndani kila mtu ananihitaji. Huku nje nimemaliza kidato cha nne, nangoja maji."

Sikuwa na jibu la haraka. Hata saa yenyewe ina sababu, maana bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana. Kabla hatujasema amerogwa, tujiulize sisi wakubwa tulimpa kazi gani ya kuhitajiwa, ukiacha kungoja maji.

Nikamwuliza pia kama anamjua Mkwawa. Akajibu kama anayefanya mtihani: Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda Mjerumani Zelewski aliuawa. Sahihi kabisa, maksi zote. Lakini hakuna aliyewahi kumsimulia. Katika barabara hiyo hiyo ya kutoka Iringa mjini kuja Idodi ipo njia ya kuchepuka kwenda Mlambalasi, mahali Mkwawa alipojiua kwa bunduki tarehe 19 Julai 1898 asikubali kushikwa. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Karibu miaka minne alizunguka katika misitu na mapango, Wajerumani wakitangaza rupia 5,000 kwa atakayemtoa, na watu wa nchi hii wakamficha na kumlisha. Kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Kuna msako, kuna usaliti, kuna uaminifu, kuna mtu anayetafutwa nchi nzima. Hadithi kama hiyo sisi tumeigeuza kuwa swali la kuchagua jibu sahihi.

Wenzetu hawakufanya hivyo. Wachina wameweka milima yao, mavazi yao na hata uimbaji wa opera yao ndani ya Genshin Impact, na vijana wa dunia nzima wanausikiliza. Na asiyesimulia vyake, husimuliwa na wengine. Mwezi Julai 2024 ilipotangazwa nchi mpya katika mchezo huo, wachezaji wengi walilalamika kuwa wahusika walipewa majina yenye asili ya Kiyoruba, kama Ororon na Iansan, lakini wengi wa watu wa nchi hiyo wakachorwa na ngozi nyeupe. Majina yetu yalifika, sura zetu zikaachwa mlangoni.

Basi nikatoa hukumu. Simu isipasuliwe. Kijana akamwombe radhi jirani na viongozi wa mfereji, afanye kazi ya kuusafisha kwa siku tatu, apewe maji kidogo ya kuokolea mpunga. Zamu ikifika, simu ibaki nyumbani. Na kila jioni, baada ya chakula, awasimulie wa nyumbani alikofikia katika hadithi yake, kwa Kiswahili, kisha mzee mmoja naye asimulie ya kwake.

Majaruba mawili yalikauka, hayakupona. Mengine yalipona. Usiku wa kwanza kijana alisimulia kwa aibu. Usiku wa pili watoto wa jirani walikuja, naye akaanza kuigiza sauti, Lufufu mtupu. Usiku wa tatu Mama yetu, yule yule aliyesema mtoto amerogwa, aliuliza, "Na yule dada yake wamempata?" Kijana akasema bado. Kisha akakohoa, akatazama saa, akasema, "Tuishie hapo, Bibi. Leo nina zamu ya maji."

Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo sentensi niliyoifuata Idodi bila kujua. Utamu wa hadithi haujawahi kuwa kosa. Mtu yu salama maadamu mkono wake mwenyewe ndio unaoikata. Nami, ambaye pia naishi kwa kukuomba urudi wiki ijayo, nakata hapa. Kama una zamu mahali, nenda.